Alama Niliyomnyima Adhiambo

Moraa wangu,

Umeenda Mosocho kusukwa, nami nawajua wasusi wa Mosocho. Wataanza kichwa chako, wakiache nusu, waende kunywa chai, wamalize kichwa cha mwenzako, ndipo warudi kwako. Kwa hiyo nina saa tatu nzima. Babako yuko sebuleni anafunga kamba sanduku ambalo halihitaji kamba, na ole wake atakayemwambia. Mvua ya saa tisa imeanza kugonga mabati. Mimi nimekaa jikoni, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari la wanafunzi wangu ili nikuandikie.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kufunga mlango, wala za vijana. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka. Nataka kukuambia jambo moja tu, kuhusu mtu utakayemkuta Kapenguria, yule madam atakayekusimamia katika mafunzo yako ya nyanjani. Nilimkosea, Moraa. Nilimkosea vibaya, na nimelinyamazia jambo hilo tangu ukiwa darasa la sita. Kesho asubuhi unaondoka. Sitaki ulisikie kwake, au kwa muuguzi fulani mwenye mdomo mwepesi, kabla hujalisikia kwangu.

Wiki jana uliporudi na barua ya chuo uliingia humu jikoni ukirukaruka. "Mama, nimepewa Kapenguria! Na wanasema huyo madam ni mkali kuliko wewe!" Nikaichukua, nikasoma jina lililoandikwa chini. Adhiambo. Ukaniuliza mbona macho yangu yamelowa, nikakuambia ni kitunguu. Siku ile hatukuwa na kitunguu hata kimoja humu ndani.

Sasa niache nianze mbali kidogo, maana siwezi kuruka moja kwa moja mpaka kwenye kidonda.

Unakikumbuka chumba changu cha zamani pale hospitalini? Kile cha mwisho kabisa, baada ya mahali pa kufulia mashuka, chenye dirisha lisilofunga. Ulikuwa ukitoka shule unakuja huko na soksi zimejaa udongo mwekundu, unajikunyata chini ya meza yangu na viazi vyako. Nilikuwa na beseni la mahindi na maharagwe yaliyochanganywa, ili watu waliopigwa na kiharusi watenganishe punje moja moja kwa vidole vilivyokuwa vimelala. Mtu alihangaika asubuhi nzima mpaka akamaliza, na wewe ukatoka chini ya meza ukachanganya tena. Mzee mmoja kutoka Nyamira alikuja juu, akakukaripia kwa Ekegusii mpaka wauguzi wakaja kuchungulia kuna nini. Kumbe katika hasira zile alikuwa ameinua mkono, ule ule uliokataa kuinuka wiki sita. Akautazama, nasi tukautazama. Akaanza kucheka, machozi yakimtoka, kisha akakuambia, "Changanya tena, mtoto."

Enzi zile hakuna aliyejua kazi yetu ni kitu gani. Mlangoni paliandikwa Tiba ya Kazi, na watu wakasoma neno la mwisho tu. Kina mama walitoka Ekerenyo huko na bahasha kubwa za vyeti kwapani. "Daktari wa kazi, kijana wangu amemaliza kidato cha nne, hata kuendesha gari anajua." Nikiwaeleza kwamba mimi humsaidia mgonjwa arudie shughuli zake, avae shati mwenyewe, achume chai, amnyonyeshe mtoto kwa mkono mmoja, wananitazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza, "Na hiyo nayo ulienda chuo kuisomea?" Nilimnunia siku nzima. Leo ningempa kiti na chai ya maziwa.

Baadaye chuo kikaanza kuniletea wanafunzi niwasimamie, na hapo ndipo nilipoipenda kazi hii kupita kiasi. Walikuja na makoti meupe yaliyopigwa pasi, wakidhani mwili wa mtu umo ndani ya kitabu. Siku ya kwanza niliwavua yale makoti, nikawapeleka soko la Daraja Mbili na kalamu mkononi. "Mtazameni yule mama anayefunga mikungu ya ndizi. Andikeni kila kitu anachofanya kwa mikono." Ulikuja nasi Jumamosi moja, ukiwa na miaka tisa. Msichana mmoja wa Nairobi aliandika vitu vitatu: anashika, anafunga, anabeba. Wewe ulimhesabia kumi na saba, hata kule kulowesha kamba kwa mate ili isiteleze, na kuisukuma leso nyuma kwa kiwiko. Nilijisikia kichwa kikubwa hiyo siku! Nilikununulia miwa miwili ukaila yote tukirudi, ukanichafulia gari.

Nazitamani siku zile, mwanangu. Nikiwa peke yangu pale ofisini natamani mtu atoke chini ya meza. Sasa tuna jengo jipya, na kompyuta, na viti vya plastiki vya rangi tatu, lakini hakuna anayekuja kuchanganya maharagwe.

Adhiambo aliletwa kwangu miaka ile. Alitoka upande wa ziwani, Homa Bay, mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mdogo kama wa mtu anayeogopa kumaliza daftari. Mimi napenda mwanafunzi mchangamfu, nakubali udhaifu huo. Nikiuliza swali nataka mkono uwe juu kabla sijafunga mdomo. Yeye ukimwuliza jambo alitazama chini kwanza, akafikiri, halafu akajibu wakati wenzake wameshahamia swali lingine. Nikamhesabu kuwa mzito. Nikishamhesabu mtu, wewe unanijua, kumhesabu upya ni kazi.

Wiki yake ya pili alipewa kijana wa Mosocho aliyeanguka na bodaboda akaumia kichwa. Kijana alikuwa hajarudiwa vizuri na fahamu, na neno lake lilikuwa moja tu, baba, baba, mchana kutwa. Adhiambo akaandika kwenye faili: mgonjwa anamwita babake. Tukatafuta baba siku tatu, mpaka chifu akapigiwa simu, tukaambiwa huyo baba alizikwa zamani. Kumbe kwetu, katika Ekegusii, baba ndiye mama! Wewe bibi yako alikuwa akimwita nani baba, kama si mamake? Nilipoligundua hilo nilicheka mbele ya wanafunzi wote mpaka nikashika mbavu. "Mjaluo ametutafutia maiti!" nilisema. Wote wakacheka. Sikujiuliza mbona mimi Mgusii nilisoma faili lile siku tatu nisione.

Adhiambo hakucheka. Alitoka, akaenda kuuliza kwa mama anayefagia, akaambiwa kuna mwanamke amekuwa akikaa langoni tangu Jumatatu, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Akamleta kwa mkono mpaka kitandani. Kijana alipomwona akanyamaza kabisa, akalala. Tangu siku hiyo Adhiambo hakumgusa mgonjwa kabla hajauliza: huyu ni nani kwako, na yule ni nani kwake, na nani hukaa wapi. Aliuliza mpaka akanichosha. Mimi niliona anapoteza muda. Alikuwa anajifunza kutoka kwa kosa lake, jambo ambalo ndilo nililoajiriwa kumfundisha.

Sasa nimefika.

Mgonjwa wake wa mwisho, ambaye Adhiambo angetahiniwa kwake, alikuwa Mzee Ombati, mkulima wa chai karibu na Ekerenyo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Mkewe alikuwa ameshafariki, wanawe wako Nairobi na Mombasa wakitafuta riziki. Pale bomani palibaki mke wa mwanawe mkubwa, Kerubo, katika nyumba yake ng'ambo ya ua. Kerubo ndiye aliyempikia. Alileta sahani, akaiweka kwenye kizingiti, akabisha, akarudi nyuma hatua mbili, wakasalimiana na kuulizana habari za ng'ombe na mvua. Walipendana sana kwa namna hiyo, kizingiti kikiwa katikati.

Siku ya mtihani alikuja mhadhiri kutoka chuoni, kijana wa mjini, na fomu yake. Nilitaka kung'ara, Moraa. Nilikuwa nimesikia chuo kinatafuta msimamizi mmoja wa kusifiwa, na nilitaka niwe mimi. Kwenye ile fomu palikuwa na sehemu inayosema mwanafunzi amfundishe mlezi wa mgonjwa jinsi ya kumwinua kutoka kitandani na kumweka kitini. Unajua inavyofanywa, umeshajifunza. Unasimama mbele ya mtu, magoti yako yanabana magoti yake, unamkumbatia kifuani, shavu lake linakaa begani kwako, ndipo mnasimama pamoja.

Nikamwita Kerubo atoke jikoni kwake. Akaja akijifuta mikono, akasimama mlangoni, hakuingia. Nikamwambia aingie. Akaingia akitazama sakafu. Nikamwambia Adhiambo, "Haya, mfundishe mlezi."

Adhiambo hakusogea. Alimtazama Kerubo, akamtazama mzee, akanijia karibu akasema kwa sauti ya chini, "Madam, huyu ni mke wa mwanawe. Hata kwetu mtu hamgusi baba mkwe hivyo. Naomba tumngoje mtu mwingine. Nimeuliza, kuna rafiki yake hapo chini, atarudi saa kumi kutoka kituo cha kununulia chai."

Mhadhiri akatazama saa yake. Nami nikasikia damu ikipanda. Mwanafunzi ananifundisha mimi habari za boma la Mgusii! Mimi niliyezaliwa hapa! Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Ugonjwa hauna mkwe. Mgonjwa hamngoji mtu wa chai." Nikamsukuma kando Adhiambo, nikaichukua mikono ya Kerubo, hii yangu ikiishika yake, nikaizungusha kwenye mwili wa mzee. Nikayapanga magoti yao. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

Mzee alisimama. Kitaalamu ilikuwa safi kabisa. Mhadhiri akasema "Vizuri sana," akaandika. Mzee Ombati alisema neno moja tu, na hakulisema kwangu, alilisema kwenye bega la mke wa mwanawe. "Chinsoni." Ni ile heshima yetu yenye aibu ndani yake, inayomweka mkwe huku na mkaza mwana kule, wasigusane, wasikalie kiti kimoja, hata mkono wasipeane. Alisema hivyo akafumba macho. Kerubo alipomwachilia kitini alitoka mbio, na nikasikia mlango wake ukifungwa.

Na mimi, mwanangu, mimi ni mkaza mwana wa watu. Unajua jinsi nilivyokaa na babu yako, baba ya babako, miaka yote. Nilizunguka nyumba nzima ili nisipite nyuma ya kiti chake. Siku alipoanguka bafuni nilisimama nje nikilia, nikaita majirani, na hakuna aliyenilaumu. Hilo nilikuwa nalijua mwilini mwangu, si kwa kusoma. Ilitosha fomu na kijana mwenye saa nzuri kunisahaulisha.

Nilipanda gari nikaandika tathmini ya Adhiambo kabla hatujafika barabara ya lami. Nakumbuka maneno yangu yote, sihitaji kuyatafuta. Niliandika kwamba hana ujasiri wa kitaalamu, kwamba hawezi kumfundisha mlezi, kwamba anajificha nyuma ya maswali. Nikamwangusha. Wenzake walihitimu bila yeye, akarudia mwaka. Aliposikia alikuja ofisini, akasimama pale uliposimama mara nyingi ukiomba pesa za mandazi, akaniuliza, "Madam, nilikosea wapi?" Nikamwambia, "Ukijua hilo utakuwa umeshapita." Nililiona jibu la akili nyingi. Nyasae anisamehe.

Mwaka ule kweli nilisifiwa. Unakumbuka tulikula kuku, na babako akavaa tai.

Ilipita kama miezi mitano. Nilikuwa Daraja Mbili na wanafunzi wengine, nikiwaonyesha mikono ya watu kama kawaida yangu, na mwanamke niliyekuwa nawaonyesha akainua kichwa. Alikuwa Kerubo. Alikuwa ameshusha ndizi kutoka Ekerenyo. Nikamsalimu kwa furaha, nikauliza mzee anaendeleaje. Aliendelea kupanga ndizi zake.

"Yuko," akasema. "Anakaa nje juani kila asubuhi."

"Umeona sasa?" nikasema. Ndiyo, Moraa, nilisema hivyo.

Akaacha ndizi. "Madam, wewe ulienda na gari. Sisi ndio tulibaki."

Akanipa vidonge vyangu vyote pale pale mbele ya wanafunzi, bila kupaza sauti. Kwamba tangu siku ile mzee hakula tena chakula kilichotoka mkononi mwake. Kwamba akibisha kizingitini hajibiwi. Kwamba yeye alirudi kwao majuma mawili, akalia, mpaka wazee wakaitwa kusema maneno na kumrudisha, na hata baada ya kusema maneno, salamu hazikurudi. Sahani ilibidi ibebwe na jirani. "Alikuwa kama babangu," akasema. "Tulikuwa tunaongea."

Nikamwuliza, "Basi nani anamtoa nje?"

"Si yule Mjaluo wako alirudi! Wiki iliyofuata, kwa bodaboda, peke yake, mvua ikimnyeshea. Akamtafuta rafiki ya mzee, yule waliyetahiriwa naye pamoja. Hao hawana aibu, waliogeshana mtoni toka utoto. Akamfundisha siku nzima. Huyo ndiye anamwinua." Halafu akaniuliza, na hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua, "Yeye siku hizi yuko wapi? Alipita mtihani?"

Nilisema sijui. Nilijua.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unafanya hesabu kwenye meza hii hii. Ulinionyesha hesabu yenye alama ya mkasi, ukasema mwalimu amekosea, jibu lako ni sawa. Nikaliangalia, lilikuwa sawa. Nikakuambia kesho nenda umwambie, mwalimu wa kweli atarekebisha. Ukaenda, akarekebisha, ukarudi ukiimba. Na mimi nikakaa. Nilikuwa na siku ngapi za kwenda chuoni, au kuandika barua ya mistari miwili kwamba alama ile haikuwa haki? Nilijiambia fomu zimeshapelekwa. Nilijiambia msichana ameshaanza kurudia, mwaka utaisha. Ukweli ni kwamba niliogopa watu wangejua nilisifiwa kwa siku ipi. Kosa la kule Ekerenyo lilikuwa la dakika kumi. Hili la kukaa kimya nimelifanya kila siku tangu hapo, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Sikuwa mwalimu yule yule baada ya hapo, hilo naweza kusema bila kujisifu. Nikaanza kuwaacha wanafunzi wafikiri. Nikaingia kila boma nikiuliza maswali ya Adhiambo, huyu ni nani kwako, na yule ni nani kwake, na wanafunzi wakadhani ni maswali yangu. Wameyabeba mpaka Garissa na Busia. Hata wewe umeyasikia mezani, na ulinisifu siku moja kwamba mama yako ana busara. Nikaipokea sifa ile.

Mzee Ombati alifariki mwaka uliofuata. Nilienda mazishini, nikakaa nyuma. Kerubo alikuwa jikoni na wanawake wengine, hatukuongea. Niliona kiti cha mzee bado kiko nje.

Basi ndiyo maana jina lile kwenye barua yako lilinitoa machozi. Nilikaa nalo siku nne. Usiku wa nne babako akasema, "Mama Moraa, ama unaumwa ama umemkosea mtu." Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema tu, "Mpigie," akageuka upande wa ukuta.

Nilimpigia jana mchana, ulipokuwa kwaya. Nilijitaja jina langu lote, kama mtu anayeomba kazi. Kukawa kimya, kisha akasema, "Madam. Habari za Kisii?" Sauti ni ile ile, inafikiri kwanza. Nikamwambia mwanafunzi wake mpya ni mwanangu. "Najua," akasema. "Nilipoona jina la pili nikajua. Usijali, hatalipa deni la mtu, na hatapewa zawadi ya mtu. Alama zake atazitafuta mwenyewe." Kwa hiyo hilo lijue, na mimi nimemwamini. Atakuwa mkali kwako. Ukimwona anatazama chini kabla ya kujibu, mngoje, usirukie swali lingine. Mimi sikumngoja.

Nikamwambia basi kwamba nimemwandikia barua ya kuomba msamaha, na kwamba utampelekea mkononi, siku ya kwanza, kabla hamjaanza kazi. Nilikuwa nimeiandika kweli, kurasa mbili, nzuri, nimeinakili mara tatu. Nilidhani nimepata njia ya upole.

"Madam," akasema, "siku ile ulichukua mikono ya Kerubo ukaifanyisha kazi yako. Leo unataka kuchukua ya Moraa?"

Moraa, nilikaa chini sakafuni, hapa hapa jikoni, na simu sikioni. Nilikuwa nimekuweka katikati, mtoto wangu mwenyewe, uende ukasimame mbele ya mwalimu wako siku ya kwanza na aibu yangu ndani ya bahasha, umkabidhi, halafu umtazame akisoma. Tena nilikuwa nafurahia wazo hilo! Nikaanza kulia kama mtoto mdogo. Hakunibembeleza, wala hakukata simu.

Nilipotulia akasema, "Mtoto mlete nimfundishe. Hiyo barua lete mwenyewe."

Ile ya kwake nimeichana asubuhi kabla ya kanisa. Hii ni yako, haina kazi nyingine ila wewe uisome, ukasirike nami kadiri unavyotaka, na usimbebee yeye neno lolote kutoka kwangu. Ukitaka kuninunia mwezi mzima, ninunie. Ukitaka kupiga simu ya kunigombeza, nitapokea.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa ya wiki ijayo nitakuja Kapenguria, nami nitaingia kwa lango la wagonjwa kama watu wengine. Ukiniona nikipita, nakusihi usinikimbilie, usinibebee mkoba, usinitafutie njia ya mkato kwa kuwa unamjua mwenye ofisi. Wenzako wakikuuliza huyo ni nani, waambie ni mama mmoja kutoka Kisii, amekuja kumwona madam, na amesema atakaa kwenye foleni mpaka zamu yake ifike.

Ni mimi,
Mamako.